Treni haijafa: tuangalie kati ya mota na gurudumu

Katika ukurasa huu wa kazi za mikono tumezoea kuongea habari za majiko, kushona na bustani. Mwezi huu tunaongea habari ya mchezo wa watoto. Msiseme ni jambo dogo. Mchezo huu ulikaribia kuvunja amani ya nyumba moja hapa kambini, na sisi tuliitwa kusikiliza kesi.

Mama wa nyumba hiyo ana redio ndogo. Kila asubuhi anaifungua asikie habari za nyumbani, ng'ambo ya mto. Juma moja akafungua, kimya. Akanunua mawe mapya manne, yale ambayo wengine tunayaita mapile. Siku mbili, kimya tena. Kumbe kijana wake wa miaka 13 alikuwa anayatoa usiku na kuyaweka kwenye treni yake, aliyoiunda kwa makopo ya samaki na mota ya redio kaseti iliyokufa. Mama akasema treni ile inaenda shimoni siku hiyo hiyo.

Kijana akajitetea: "Mama, si mimi. Ni treni inakula."

Tulicheka wote, hata mama. Lakini babu yake, ambaye alikuwa amekaa mlangoni, hakucheka. Mzee huyu alifanya kazi ya reli Kalemie miaka mingi kabla ya kuhamia Uvira. Alisema: "Mtoto anasema kweli. Treni inayokula hivyo ni mgonjwa. Muniletee hapa niiangalie kwanza, shimo halikimbii."

Basi tukakaa naye siku hiyo na siku zilizofuata. Haya ndiyo tuliyojifunza. Tunawaandikia kwa sababu nyumba nyingi zina mtoto anayeunda gari la waya, na zina redio inayonyamaza bila sababu.

Reli tuliyokuwa nayo

Rwanda haina reli mpaka leo, na watoto wengi waliozaliwa huku hawajaona treni kwa macho. Lakini sisi watu wa eneo hili tusidhani treni ni kitu cha mbali. Ukishuka kutoka Kamembe mpaka Bugarama, ukaangalia ng'ambo ya mto Ruzizi, unaona Kamanyola. Hapo zamani treni ilifika. Wabelgiji walijenga reli kutoka Uvira, kwenye bandari ya Kalundu, ikapanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, karibu kilomita 90. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kutoka Kamanyola mizigo ilipandishwa mlimani kwa barabara mpaka Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville. Mwishoni mwa miaka ya 1950 reli hiyo ilifungwa.

Kusini zaidi kuna reli ya mzee wetu. Ilifika ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikitoka Kabalo kwenye mto Lualaba, na mji wake wa ziwani uliitwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Upande wa pili wa ziwa, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo mtoto wetu akiunda treni, hajaota ndoto ya kizungu. Anaunda kitu ambacho babu zetu walikipakia na kukishusha kwa mabega yao.

Na tusidhani kuwa ni mchezo wa maskini tu. Kampuni ya Ujerumani inayoitwa Märklin ilionyesha treni zake ndogo za reli kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Mpaka leo kule Ulaya wapo watu wazima, wenye mvi, wanaokaa jioni kutengeneza treni ndogo kiasi kwamba treni ya kweli ni kubwa kuliko hiyo mara 87, na reli zake zimeachana milimita 16 na nusu tu. Magonjwa wanayohangaika nayo ni yale yale ya treni ya makopo.

Siri iko katikati

Mzee alimwuliza kijana: "Nini inatembeza treni?" Kijana akajibu haraka: "Mota, nkambo." Nkambo ndivyo wanavyomwita babu katika familia yao.

"Hapana. Mota inajua kuzunguka tu. Kutembea ni kazi nyingine."

Akaeleza hivi. Mota ndogo ina mbio nyingi na nguvu kidogo. Gurudumu la treni linataka kinyume chake, mbio kidogo na nguvu nyingi. Kwa hiyo kati ya mota na gurudumu lazima kuwe na kitu cha kubadilisha mbio kuwa nguvu. Kinaweza kuwa mkanda wa mpira na puli, au giya za meno. Hapo katikati ndipo treni inapona au inapokufa.

Tufanye hesabu pamoja. Mota nyingi za redio kaseti zinazunguka mara 2400 kwa dakika. Gurudumu la kijana lina upana wa sentimita 4, kwa hiyo likizunguka mara moja linakwenda kama sentimita 12 na nusu. Ukilifunga moja kwa moja kwenye mota, treni ingetaka kukimbia mita 300 kwa dakika, kama baiskeli inayoshuka. Haiwezi, haina nguvu hiyo. Itasimama inalia, na mota iliyosimama huku inapewa umeme ndiyo inayonyonya mawe kuliko zote.

Sasa weka mkanda kutoka puli ya milimita 5 kwenye mota mpaka puli ya milimita 50. Mbio zinapungua mara 10, tunabaki na mizunguko 240. Kwenye ekseli ya hiyo puli kubwa weka nyingine ndogo ya milimita 10, ivute puli ya milimita 40 kwenye gurudumu. Zinapungua tena mara 4. Tunabaki na mizunguko 60 kwa dakika. Treni inakwenda mita 7 na nusu kwa dakika, mwendo wa treni yenye heshima. Na nguvu ya kuvuta imeongezeka karibu mara 40, ukitoa ile inayopotea kwenye msuguano.

Mzee alisema hata treni kubwa ya dizeli ya umeme inafanya hivyo. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizo chini karibu na ekseli, na kila mota ina giya ndogo inayosukuma giya kubwa ya ekseli.

Vifaa vinapatikana wapi

Hatuwaambii mnunue kitu kipya. Kwa mafundi wa redio sokoni Kamembe kuna vifaa vilivyokufa, na mara nyingi fundi anakuachia ukimwomba vizuri.

Mota ya redio kaseti ni nzuri kwa kuwa inatulia. Lakini nyingi zina kidhibiti mwendo ndani, zinakwenda upande mmoja tu, kwa sababu kaseti inasikilizwa upande mmoja. Ukigeuza nyaya usitegemee kwamba treni itarudi nyuma, na unaweza kuiharibu. Angalia mshale ulioandikwa mgongoni.

Kwa treni ya kwenda mbele na nyuma, tafuta deki ya DVD iliyokufa. Ile sehemu inayotoa na kurudisha sahani ina mota ndogo, mkanda na giya za plastiki, vyote vimekwisha kupangwa tayari kupunguza mbio. Mota hiyo ukigeuza nyaya inageuka, ndiyo maana sahani inatoka na kuingia.

Ekseli inatoka kwenye spoki ya baiskeli, ikizunguka ndani ya kipande cha mrija wa plastiki. Puli inakatwa kwenye kandambili iliyokwisha, au unatumia vifuniko viwili vya chupa vilivyobandikwa mgongo kwa mgongo. Mkanda ni pete nyembamba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Treni ikigoma

Kijana alikuwa anaanza kufungua kila kitu. Mzee akamshika mkono. "Usifungue. Uliza kwanza." Utaratibu wake ni huu, nao unafaa hata kwa cherehani na mashine ya kusaga.

1. Toa mkanda, gawa kazi mara mbili. Mota peke yake inazunguka? Kama inazunguka vizuri, mota haina kosa, muiache. Kama inataka kusukumwa kidole kila mara ndiyo ianze, kuna uchafu ndani mahali inapopokea umeme, au waya wake mmoja umekatika.

2. Sasa zungusha gurudumu kwa kidole, bila mota. Linatakiwa kuzunguka lenyewe kidogo baada ya kuliacha. Kama ni zito, angalia ekseli. Kwa treni ya kijana wetu tulikuta nywele na nyuzi za blanketi zimejifunga mpaka zikawa kama kamba. Tulizikata kwa wembe taratibu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

3. Rudisha mkanda. Kijana alikuwa ameukaza sana, akidhani ukikaza ndiyo nguvu. Mkanda unaokaza sana unavuta shafti ya mota upande, mota inalemewa kabla hata ya kuvuta behewa. Ukilegea sana nao unateleza. Ubonyeze katikati kwa kidole, uingie ndani milimita chache, basi. Hilo lilikuwa kosa la pili.

4. Kama ni giya za meno, zisibanane. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya giya mbili, zisogeze mpaka ziikamate karatasi, kaza hapo, halafu itoe karatasi. Nafasi iliyobaki inatosha. Na ukisikia "tak, tak, tak" moja kwa kila mzunguko, tafuta giya iliyopasuka. Plastiki ikizeeka inapasuka pale inapokaa kwenye ekseli, na ufa ule unatanua nafasi kati ya meno mawili.

5. Treni yenye vyuma vya pembeni, vile vinavyounganisha magurudumu kama treni ya moshi, ina siri yake. Chuma cha kushoto kikiwa juu kabisa, cha kulia kinatakiwa kiwe mbele au nyuma, yaani vimeachana robo ya mzunguko. Ndivyo treni za kweli zilivyo, ili upande mmoja ukifika mahali pasipo na nguvu, mwingine usukume. Robo hiyo iwe sawa kwa magurudumu yote. Kijana alikuwa amekadiria kwa macho, gurudumu la nyuma likawa limepotea kidogo, na kila mzunguko treni ilikwama na kujikwamua. Hilo lilikuwa kosa la tatu, na ndilo lililokuwa linakula mawe zaidi. Pia tundu za vyuma ziwe kubwa kidogo kuliko pini zake.

6. Magurudumu yakizunguka bila treni kwenda, tatizo ni uzito. Kijana alikuwa ameweka mawe yote manne kwenye behewa la nyuma ili injini iwe nyepesi. Mzee alicheka: "Kichwa cha treni chepesi kinavuta nini?" Tukayahamisha mawe juu ya magurudumu yanayovutwa na mota, na gurudumu mbili tukazivisha pete nyembamba ya tyubu. Mara ile ile ikashika njia.

Mafuta ni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, kwa ncha ya sindano. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda kama gundi na kukusanya vumbi. Na msipake mafuta wala vaselini kwenye mkanda wa mpira, utateleza halafu utaoza.

Jambo moja zaidi kwa wale watakaopata giya ya skrubu, ambapo skrubu inasukuma kigurudumu cha meno. Skrubu ikizunguka mara moja inasogeza jino moja tu, kwa hiyo kigurudumu cha meno 20 kinahitaji mizunguko 20. Ni nguvu kubwa sana. Lakini haikubali kusukumwa kinyume. Mtoto mdogo akiikamata treni hiyo na kuisukuma sakafuni kwa mkono, meno yanavunjika. Muwaambie wadogo mapema.

Wazazi, hapa tunaomba msikilize

Betri ya simu isitumike kwenye michezo. Nyaya zake zikigusana inaweza kuvimba na kuwaka moto, na nyumba zetu mnazijua. Betri ndogo bapa kama kifungo ziwekwe mbali kabisa na watoto. Mtoto akiimeza inaunguza koo na tumbo, apelekwe kituo cha afya mara hiyo, msingoje aitoe. Mawe yaliyokwisha yasitupwe motoni. Msichanganye mapya na ya zamani, na treni isipotumika yatoeni, yanavuja maji yanayokula chuma. Hakuna mchezo wowote wa kuunganisha kwenye umeme wa ukutani. Risasi ya kulehemu iyeyushwe nje, mkubwa akiwepo.

Kesi iliishaje

Mkutano wa kwanza uliamua hivi: redio ni ya mama, na mawe ya redio hayaguswi. Treni itatembea kwa mawe ambayo kijana ameyapata kwa kazi yake. Kijana aliona ni hukumu ya kifo. Hapa kambini mtoto atapata wapi mawe?

Siku ya tatu, jirani mmoja anayeonyesha filamu akawa analalamika. Deki yake inalia lakini haitoi sahani, na watu wameshalipa. Kijana akasikiliza kidogo, akasema: "Mota inazunguka. Ni mkanda." Tulimwangalia babu yake. Mzee hakusema neno, aliangalia pembeni.

Wakafungua deki, kwanza wakiwa wameitoa kwenye umeme. Mkanda ulikuwa umelegea, unateleza juu ya puli. Kijana akauosha kwa sabuni, akauweka kwenye maji ya moto dakika chache ujikunje, akaukausha na kuurudisha. Sahani ikatoka. Mkanda ule hautadumu, alimwambia mwenyewe anunue mwingine akifika sokoni. Jirani akalipa mawe manne mapya.

Tukawauliza majirani wawili mafundi kama hiyo kazi ilikuwa ya kubahatisha. Walisema hapana, huko kutenganisha mota na mkanda kabla ya kugusa kitu ndiko wanakoanzia hata wao, na mmoja akasema yuko tayari kumkaribisha kijana mezani kwake.

Lakini hiyo haikuwezekana. Jina la familia lilikuwa limetoka kwenye orodha ya basi la kwenda Mahama, kule Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Zilibaki siku mbili. Jioni ya mwisho watoto walikusanyika. Reli ilikuwa fito mbili za mianzi zilizopigiliwa juu ya ubao, na upande mmoja wa ubao tukauweka juu ya tofali. Kabla ya matengenezo treni hiyo haikuweza kupanda hata ikiwa peke yake. Jioni hiyo ilipanda na mabehewa mawili, polepole, bila kukwama, mpaka juu. Mama naye alikuwepo. Redio ilikuwa inaongea ndani ya nyumba, na yeye alisimama nje akiangalia.

Akasema: "Sawa. Itaingia kwenye mzigo. Lakini mutoe hayo mawe kwanza."

Walisafiri asubuhi. Mafundi wa Mahama, mkimwona kijana mwenye treni ya makopo, mpokeeni. Anajua kuuliza kabla ya kufungua.

Ubao na reli waliuacha kwetu, kwa sababu haukuingia kwenye basi. Uko penye kivuli karibu na bomba la maji. Mtoto yeyote mwenye treni au gari lake alilete Jumamosi mchana, tulipime kwenye mlima wa tofali moja. Mawe aje nayo ya kwake mwenyewe, aliyopewa kwa ruhusa. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.